Jeni Haijiamshi Yenyewe

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote la kitaalamu, naomba kila mmoja wetu akunjue kiganja chake na akitazame. Vidole vitano. Gumba limekaa upande mmoja, kidole cha mwisho kimekaa upande wa pili, na mpango huo tumeuzoea mno hata hatuulizi nani aliupanga. Lakini wapo watoto wanaozaliwa na vidole sita, na kwa baadhi yao kile cha ziada humea upande wa gumba. Nataka tuanzie kwa watoto hao, maana walitufundisha jambo kubwa kuhusu jeni, yale maagizo ya urithi yaliyomo katika seli zetu.

Katika familia fulani hali hiyo hurithiwa kizazi baada ya kizazi. Wanasayansi waliposikia urithi, wakaenda kutafuta jeni iliyoharibika. Walijua pa kuanzia. Mkono wa kiinitete unapochipuka, seli chache zilizo upande wa kidole cha mwisho hutoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Seli za jirani huipata kwa wingi, za mbali huipata kidogo, za upande wa gumba hazipati kitu, na kila moja hujua mahali pake kutokana na hicho ilichopata. Basi ilidhaniwa kwamba jeni ya protini hiyo ndiyo mbovu. Haikuwa mbovu. Kosa lilikutwa umbali wa herufi karibu milioni moja za DNA, uzi ambao jeni zote zimeandikwa juu yake, kutoka kwenye jeni yenyewe, tena katikati ya jeni nyingine kabisa ambayo haina habari na vidole. Pale pamekaa kipande kifupi cha herufi mia kadhaa. Kazi yake ni kuiamsha jeni ya Sonic hedgehog, yaani kuifanya isomwe na kutoa protini yake, katika mikono na miguu inayochipuka, upande mmoja tu. Ikibadilika herufi moja ndani yake, kipande hicho huanza kuiamsha jeni upande wa gumba pia, na mtoto anazaliwa na kidole cha ziada. Jeni ni nzima, protini ni nzima. Kilichokosewa ni mahali pa kuamkia.

Kipande kama hicho nitakiita swichi, kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi, na leo nitazungumza zaidi kuhusu swichi kuliko jeni.

Nilipokuwa mwanafunzi, jeni nilifundishwa kama orodha: jeni ya rangi ya macho, jeni ya kimo, jeni ya ugonjwa huu na ule. Orodha hiyo ni rahisi kuikariri, na inatupotosha. Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni ambaye mwili wake ukikomaa una seli 959 tu, bila kuhesabu za uzazi, na yeye pia ana jeni karibu 20,000. Kama mwili ungekuwa ni suala la idadi ya jeni, sisi na mnyoo yule tungekuwa ndugu wa karibu sana. Isitoshe, seli ya ini lako na seli ya ubongo wako zina DNA ile ile, herufi kwa herufi, zipatazo bilioni 3 kwa kila seti. Zinatofautiana kwa sababu ya jeni zilizo macho na jeni zilizolala katika kila moja.

Sasa nani huziamsha? Jibu la kwanza lililo wazi lilitoka Paris mwaka 1961, kwa François Jacob na Jacques Monod, waliokuwa wakichunguza bakteria wa tumboni. Bakteria huyu hupenda glukosi, lakini ikikosekana anaweza kula laktosi, sukari iliyomo katika maziwa. Kwa laktosi anahitaji vimeng'enya maalumu, na kuvitengeneza pasipo laktosi ni kupoteza nguvu. Kwa hiyo kuna protini inayokaa juu ya DNA, mwanzoni kabisa mwa jeni za vimeng'enya hivyo, na kuzizuia zisisomwe. Laktosi ikiingia, kitu kinachotokana nayo humshika mzuiaji yule, naye hubanduka, na jeni zinasomwa. Laktosi ikiisha, mzuiaji hurudi mahali pake. Jacob na Monod walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na mwenzao André Lwoff.

Tazameni kilichofichika hapo. Mzuiaji ni protini, na protini hutengenezwa na jeni. Kumbe jeni moja ilikuwa ikiitawala nyingine. Na ile inayotawala, nayo ina swichi yake, inayokaliwa na protini za jeni nyingine. A huamsha B, B huamsha C, kisha C hurudi kuizima A. Katika binadamu jeni zipatazo 1,600 zinajulikana kuwa kazi yake ni hii: kutengeneza protini zinazokwenda kukalia swichi za jeni nyingine. Ziunganishe zote kwa mishale ya kuamsha na kuzima, na utapata mtandao wa udhibiti wa jeni. Wazo la mtandao wa namna hiyo katika wanyama liliandikwa na Roy Britten na Eric Davidson mwaka 1969, na Davidson aliendelea kulifuatilia miaka mingi. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha ramani ya makumi ya jeni zinazoongoza siku za mwanzo za mnyama yule wa baharini mwenye umbo la mpira na miiba mwili mzima. Mishale mingi katika ramani ile ilipatikana kwa kuizima jeni moja na kutazama ni zipi nyingine zinazotetereka. Kazi ya aina hiyo inahitaji subira ambayo mimi naistahi sana.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Swichi nazo hazitii amri ya protini moja. Niwaeleze mfano mmoja kwa utulivu, kwa kuwa ukiuelewa huu, mengine yote yatafuata.

Nzi wa matunda anapotaga yai, mama huwa ameshaweka ujumbe upande wa mbele wa yai lile. Ujumbe huo hutengeneza protini iitwayo Bicoid, ambayo huwa nyingi mbele na hupungua kadiri unavyokwenda nyuma. Bicoid huamsha jeni kadhaa, kila moja katika eneo lake, na jeni hizo huanza kusukumana zenyewe kwa zenyewe, moja ikimzuia jirani asivuke mpaka. Katika muda wa saa tatu hivi, kiinitete ambacho hakikuwa na alama yoyote kinakuwa na mistari saba ya jeni moja iliyo macho, iliyopangika kwa unadhifu kutoka mbele hadi nyuma. Mistari hiyo ndiyo inayotangulia pingili za mwili wa nzi.

Mtu angefikiri kuna amri moja inayosema, chora mistari saba. Hakuna. Mistari ile saba inachorwa na swichi tano tofauti, zote za jeni ile ile. Mstari wa pili una swichi yake peke yake, na ndani ya swichi hiyo kuna viti vya protini nne. Mbili zinasema amka: Bicoid na Hunchback. Mbili zinasema lala: Giant iliyo upande wa mbele, na Krüppel iliyo upande wa nyuma. Palipo na waamshaji wote wawili na pasipo na wazuiaji, jeni inaamka. Mahali hapo ni ukanda mwembamba wa seli chache tu. Hakuna seli iliyoambiwa kuwa wewe ni mstari wa pili. Kila moja ilisikiliza sauti nne zilizoifikia na kuamua. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus ndio waliozisaka jeni za namna hii huko Heidelberg, wakichunguza maelfu ya nzi wenye kasoro. Walichapisha matokeo yao mwaka 1980, na mwaka 1995 wakapata Nobel pamoja na Edward Lewis.

Huenda mtu akauliza: ikiwa ishara za mwanzo hupotea, mbona ini haligeuki kuwa ngozi siku moja? Ni kwa sababu mtandao una njia ya kujifunga. Baadhi ya protini hizi, zikishaamka, hukalia swichi ya jeni yao zenyewe na kuishikilia wazi. Ishara iliyoanzisha jambo inaondoka, uamuzi unabaki. Mwaka 1987 ilionekana kwamba jeni moja iitwayo MyoD, ikiwashwa katika seli za tishu unganishi, inaweza kuzigeuza kuwa seli za misuli. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi wakaonyesha kuwa jeni nne zinatosha kuirudisha seli iliyokwisha komaa hadi hali inayofanana na ya kiinitete. Kufuli lipo, na ni imara, lakini funguo zake tumeanza kuzifahamu.

Mwaka huo huo wa 1995 ambao watafiti wa nzi walipokea tuzo, maabara ya Walter Gehring kule Uswisi ilitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliiwasha jeni moja katika miguu na mabawa ya nzi wanaokua, na macho yakaota hapo. Halafu wakafanya hivyo kwa jeni inayolingana nayo kutoka kwa panya. Macho yakaota tena, na yalikuwa macho ya nzi. Jeni ya panya ilitoa amri ya jumla tu, jenga jicho hapa, na mtandao wa nzi ukajenga jicho la aina unayoijua. Binadamu nasi tunayo jeni hiyo, inaitwa PAX6, na mtu mwenye nakala moja mbovu huzaliwa bila iris, ile sehemu ya jicho yenye rangi. Jamaa wa nzi na jamaa wa panya walitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado wanaelewana amri.

Hapo ndipo mageuko ya viumbe yanapoingia katika maneno yangu. Kama zana ni zile zile, utofauti wote huu wa maumbo unatoka wapi? Mary-Claire King na Allan Wilson waliliuliza swali hilo mwaka 1975 kuhusu sisi na sokwe. Waliona protini zetu na zao zinafanana karibu kabisa, wakapendekeza kwamba tofauti kubwa ziko katika namna jeni zinavyodhibitiwa. Walikuwa na ushahidi mdogo wa moja kwa moja wakati ule. Leo upo mwingi, na ninaoupenda kuliko wote umetoka kwa samaki.

Kuna samaki mdogo wa bahari za kaskazini mwenye miiba, miwili kati yake ikitokea kwenye nyonga kumkinga na wanaomla. Barafu ilipoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu, baadhi yao walibaki katika maziwa mapya ya maji baridi, na katika maziwa mengi, kila moja kivyake, wakapoteza miiba ya nyonga. Jeni inayohusika inaitwa Pitx1. Protini yake haikubadilika, na isingeweza kubadilika kirahisi, kwa sababu hiyo hiyo hufanya kazi katika taya na katika tezi iliyo chini ya ubongo. Ukiivunja jeni, unaua samaki. Kilichopotea ni swichi ya nyonga peke yake. Kundi la David Kingsley lilipoirudisha swichi hiyo katika samaki asiye na miiba, mwaka 2010, miiba ikaota.

Na nyoka? Mnakumbuka swichi ya vidole tuliyoanza nayo. Nyoka anayo pia, ila imechakaa. Mwaka 2016 watafiti huko California waliiondoa ya panya na kuweka ya swila, na panya wakazaliwa na vijisehemu tu vya miguu. Walipoichukua ya chatu na kumrudishia herufi 17 alizozipoteza, miguu ya panya ikakua tena. Kipande kile kile cha DNA kinachompa mtoto kidole cha sita kimo katika historia ya nyoka kupoteza miguu. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanigusa kila ninapolisema.

Lakini mageuko ya swichi hayakuishia kwa nyoka na samaki. Yamo ndani ya damu yetu. Juu ya chembe nyekundu za damu kuna protini iitwayo Duffy, na kimelea wa malaria aina ya vivax huitumia kuingilia. Watu wengi sana wenye asili ya Afrika Magharibi na Kati hawana Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na hiyo ni kinga kubwa dhidi ya vivax, ingawa si kamili. Mwaka 1995 sababu ilijulikana: herufi moja imebadilika mbele ya jeni ya Duffy, pale pale panapokaliwa na protini iitwayo GATA1. GATA1 ndiyo msimamizi mkuu wa jeni katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Kiti chake kikiharibika, Duffy inazimika kwenye chembe nyekundu pekee. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ambako GATA1 haina mamlaka, Duffy inaendelea na kazi yake kama kawaida. Naomba mkishike kiti hicho cha GATA1, nitakirudia.

Ugonjwa ni upande wa pili wa habari hii. Tafiti zinazolinganisha DNA za watu wengi ili kutafuta chanzo cha kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine ya kawaida zimekuta kwamba sehemu kubwa mno ya tofauti zinazohusika, karibu tisa katika kila kumi, ziko nje ya maandishi ya protini. Ndiyo maana nasikitika nikisikia mtu ameambiwa ana jeni ya ugonjwa fulani, kana kwamba amebeba jiwe. Saratani nayo ina sura hii. Daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe unaokua kwa kasi kwenye taya za watoto. Baadaye ilionekana kuwa katika saratani hiyo kromosomu mbili, zile nyuzi za DNA zilizokunjwa ndani ya seli, hukatika na kubadilishana vipande, na jeni ya MYC, inayoihimiza seli kugawanyika, ikajikuta imewekwa jirani na swichi kali za jeni za kingamwili. Seli za kinga huziwasha swichi hizo bila kupumzika. MYC ikawashwa pamoja nazo.

Nataka kukaa zaidi na selimundu. Huu ni ugonjwa ambao kosa lake kweli limo ndani ya jeni, herufi moja katika jeni ya hemoglobini ya mtu mzima, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, na herufi hiyo huzifanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa. Pengine mtu angesema, hapa swichi hazina la kufanya. Lakini mwaka 1948 daktari Janet Watson aligundua kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu wana chembe chache sana zilizojikunja. Maumivu huanza baada ya miezi kadhaa. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini nyingine, ya kichanga, inayotoka kwenye jeni tofauti na inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi ili aweze kuichukua kwa mama. Akizaliwa, mtandao huizima ile ya kichanga na kuachia ya mtu mzima. Ile ya kichanga haina kosa. Na wapo watu wachache ambao kwa urithi haizimiki sawasawa. Wakiwa na selimundu, huugua kidogo tu.

Fikirini hilo kwa mzazi anayekesha na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Dawa imo mwilini mwa mtoto wake, imezimwa, kwa utaratibu ambao kwa watoto wengine wote ni sahihi.

Nani aliizima? Mwaka 2008 ilithibitika kuwa mzimaji ni protini iitwayo BCL11A. Tungetamani kuiondoa tu, lakini haiwezekani, kwa kuwa ubongo unaihitaji na seli za kinga zinaihitaji. Mwaka 2013 ikapatikana swichi inayoiamsha BCL11A katika seli zinazozaa chembe nyekundu, na humo peke yake. Na ndani ya swichi hiyo kuna kiti cha nani? Cha GATA1.

Kwa hiyo matibabu yaliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata hufanya hivi: huchukua seli shina za damu za mgonjwa, zile zinazozaa chembe za damu, huzikata kwa CRISPR, zana ya kukatia DNA mahali palipochaguliwa, katika kiti kile cha GATA1, kisha huzirudisha mwilini. BCL11A inalala katika ukoo wa chembe nyekundu, hemoglobini ya kichanga inaamka, na ubongo hauguswi. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali. Herufi ya selimundu bado wanayo, haikurekebishwa. Na hatua yenyewe ni ile ile iliyotokea zamani kwa Duffy, kiti cha GATA1 kikavunjika mahali pamoja ili jeni inyamaze katika damu pekee. Ila safari hii tulijua tunachofanya.

Matibabu haya ni mazito. Seli zilizotengenezwa hazirudishwi mpaka uboho wa mgonjwa usafishwe kwa dawa kali kama za saratani, na yanahitaji hospitali kubwa na miezi mingi. Wagonjwa walio wengi duniani wako kusini mwa Sahara, na hawayafikii. Hilo linaniuma, nami sitalipamba. Watafiti wanatafuta vidonge vitakavyofanya kazi hiyo hiyo ya kuiamsha hemoglobini ya kichanga. Lakini kuna dawa ya kumeza ambayo tayari huiongeza, haidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa selimundu tangu 1998. Ilijaribiwa kwa watoto nchini Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha mashambulio ya maumivu yamepungua, malaria imepungua, na vifo vimepungua. Kama humu ndani yupo mzazi wa mtoto mwenye selimundu ambaye hajawahi kusikia jina hilo, namwomba aliandike sasa hivi, na kliniki ijayo aulize.